Utumbo Si Upuuzi

Mtaani Dar es Salaam, mtu akizungumza pumba huambiwa anaongea utumbo. Aliyeanzisha msemo huo, nadhani, hakuwahi kupewa kazi ya kuosha utumbo wa mbuzi.

Mimi nilipewa. Ilikuwa harusi kwa shangazi, mbuzi wamechinjwa alfajiri, na mimi mtoto wa darasa la sita nikakabidhiwa beseni, ndoo mbili za maji na ndimu. "Shika mwisho huu mwanangu, vuta, usiukate," shangazi akaniambia. Nikavuta. Nikauzungusha kwenye kiwiko kama mtu anayekunja kamba, mara kumi, mara ishirini, bado unakuja. Halafu akaja na kisu, akapasua kipande cha shubiri moja kwa urefu wake, akakikunjua majini. Nilitegemea kuona ndani kumeteleza kama ndani ya mpira wa kumwagilia bustani. Nilichoona ni kitu kama mahameli: vinyweleo vifupi mno vya nyama, vimesongamana, vinalala ukipitisha kidole na kusimama tena maji yakipita. Shangazi hakuwa na muda navyo. "Kwangua hiyo takataka yote," akasema, nami nikakwangua.

Mbuzi ana tumbo la vyumba vinne, na sehemu kubwa ya riziki yake huivuna humo kabla chakula hakijafika kwenye mahameli yale. Anaweza kujivunia tumbo lake. Sisi binadamu hatuna haki hiyo, ila tunajivunia vilevile. Kiswahili kimelipa tumbo cheo kikubwa: mjamzito ana tumbo, mpenda bia ana tumbo, aliyekula kiporo kibovu anaendesha tumbo, na mwenye mtihani kesho ana tumbo joto. Daktari akiuliza unaumwa wapi, tunajibu "tumbo" huku tumeweka kiganja kitovuni. Kiganja kimekosea nyumba. Mfuko wa tumbo, ule unaopokea chakula, uko juu zaidi, upande wa kushoto, na sehemu yake kubwa imejificha nyuma ya mbavu. Pale kiganja kilipo kuna utumbo mwembamba, umejikunjakunja, unafanya kazi ambayo sifa zake tunampa jirani wa juu.

Ushahidi wa hilo ulipatikana kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 1897, mjini Zurich, daktari Carl Schlatter alimwondolea mwanamke mwenye saratani tumbo lake lote, akauunganisha umio na utumbo moja kwa moja. Mgonjwa aliishi zaidi ya mwaka mmoja, akila kidogokidogo. Leo upasuaji huo ni wa kawaida kwenye hospitali kubwa, na wanaofanyiwa huweza kuishi miaka mingi: hugawa mlo wao mara sita kwa siku, huchomwa sindano za vitamini B12, maisha yanaendelea. Aliyeondolewa utumbo mwembamba wote hana bahati hiyo. Hata ale pilau asubuhi, mchana na jioni, atakufa kwa njaa, isipokuwa alishwe kwa mrija unaoingia kwenye mshipa wa damu.

Tufuate chakula basi, tuone nani anafanya nini. Nimechagua sahani ya mama lishe: wali, maharage ya nazi, mchicha, kipande cha samaki wa kukaanga na ndimu pembeni. Muda ni saa saba mchana, na msomaji aukumbuke, maana tutakuwa tukitazama saa.

Kazi imeanza kabla ya tonge la kwanza. Harufu ya nazi peke yake imekwisha kutoa mate. Mtu mzima hutoa kiasi cha lita moja hadi moja na nusu ya mate kwa siku, nyingi kutoka kwenye tezi zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi; zile za mbele ya masikio ndizo zinazovimba mtoto akipata matubwitubwi. Ndani ya mate mna kimeng'enya kinachokatakata wanga kuwa sukari, na kukithibitisha hakuhitaji maabara. Tafuna wali mtupu dakika nzima bila kuumeza, utaanza kuonja utamu ambao mpishi hakuutia. Waliotuambia tutafune vizuri walikuwa na hoja nyingine pia: kilichosagwa huwa na pande nyingi za kushambuliwa huko mbele. Punje ya hindi iliyomezwa nzima hutoka karibu nzima, na kila mzazi aliyewahi kubadilisha nepi analijua hilo.

Kisha kumeza. Weka kidole kwenye kongomeo, umeze mate, utalisikia likipanda. Tonge linapopita, njia ya hewa huinuliwa na kufunikwa, njia ya kwenda puani huzibwa na kaakaa laini, na pumzi husimama kidogo. Ukicheka wakati huo unapaliwa. Mpango wenyewe si wa kujisifia, kwa kuwa hewa na chakula vinapishana kwenye njia panda moja, lakini ndio tulioachiwa. Kuanzia hapo hatuna tena amri juu ya sahani yetu mpaka mwisho kabisa wa safari. Umio, bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi, hubana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, kama unavyopitisha fundo la kamba ndani ya pindo la suruali. Kwa sekunde nane hadi kumi tonge limefika. Uzito wake haumo kwenye hesabu. Mtu aliyening'inia kichwa chini anaweza kumeza.

Neno moja kuhusu umio kabla hatujaupita, kwa sababu unatuhusu sana. Ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia, na madaktari wa magharibi ya Kenya na wa Kilimanjaro huiona mara kwa mara. Tumbaku na pombe zimo kwenye orodha ya washukiwa. Chai ya moto imo pia. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani. Tatizo si majani ya chai. Ni joto lenyewe, linalounguza ngozi ile ya ndani miaka nenda miaka rudi. Wale wanaosema chai isiyounguza ulimi si chai, nami nimekuwa mmoja wao, wangoje dakika tano.

Sasa tumbo. Likiwa tupu ni mfuko uliosinyaa, halizidi ngumi sana; likipewa nafasi huchukua lita moja na ushei bila kulalamika. Ukuta wake una misuli ya tabaka tatu inayokanda chakula kama mtu anayekanda unga wa chapati, na tezi zake humwaga asidi kali hata kuliko ile ndimu iliyokuwa pembeni ya sahani. Asidi hiyo huua vijidudu vingi vilivyoingia na samaki au na kachumbari. Pia huilegeza protini na kukiamsha kimeng'enya cha pepsini, ambacho ndicho kinachoanza kumkata samaki vipande. Tumbo lenyewe ni nyama, na lingejila kama lisingejipaka ute mzito na kubadilisha ngozi yake ya ndani kila baada ya siku chache.

Tunayajua haya kwa sehemu kutokana na ajali. Tarehe 6 Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mfanyakazi wa biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya, karibu kabisa. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akitegemea atakufa. Hakufa, ila tundu lilikataa kuziba: likabaki dirisha dogo chini ya titi la kushoto, linaloingia moja kwa moja tumboni. Kuanzia 1825 Beaumont alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza kupitia dirishani, akavivuta baada ya saa moja, mbili, tatu, na kuandika kilichobaki. Alichota maji ya tumbo, akayaweka kwenye chupa yenye joto la mwili, akaona nyama ikiyeyuka humo nje ya mwili wa mtu. Hapo mabishano ya muda mrefu yalipata jibu: tumbo halipiki chakula kwa joto wala halikisagi kwa nguvu tu, linakiyeyusha kwa kemikali. Aliona pia kwamba St. Martin akikasirika, kazi inavurugika. Na alikuwa na sababu za kukasirika. Alikuwa maskini, amefungwa kwa mkataba, anageuzwa chungu cha majaribio, na zaidi ya mara moja aliondoka akarudi kwao Kanada. Alimzika daktari wake na kuishi hadi 1880. Kitabu cha 1833 kilichompa Beaumont umaarufu kilitoka tumboni mwa mtu huyu, na ninaona si haki kulitaja jina la mmoja bila la mwenzake.

Pamoja na hayo yote, tumbo halinyonyi takriban chochote cha maana kutoka kwenye sahani yetu. Pombe kiasi, dawa kama aspirini, basi. Wali, maharage na samaki wamekuwa uji mchachu, na uji huo unangoja foleni kwenye lango la chini, ambalo hufunguka kidogo tu na kuruhusu mililita chache kwa wakati mmoja. Vyakula vya wanga hupita mapema, mafuta huchelewesha. Ndiyo maana aliyekula wali mtupu ana njaa saa kumi, na aliyekula wali wa nazi na samaki wa kukaanga bado ameshiba saa kumi na moja jioni. Huo ubahili wa lango ndio huduma kubwa ya tumbo, na ndio anaoukosa aliyefanyiwa upasuaji wa Schlatter: kwake chakula humiminika chote kwa pamoja, akajisikia kizunguzungu na jasho.

Hata ugonjwa uliopewa jina la tumbo mara nyingi si wa tumbo. Vingi kati ya vidonda tunavyoviita vya tumbo viko hatua moja mbele, kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba. Na sababu yake si maharage, si pilipili, si kushinda na njaa, ingawa vyote hivyo vinaweza kutonesha kidonda kilichopo. Kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walishikilia kwamba ni bakteria, wakati madaktari wengi wakiamini hakuna kiumbe kinachoweza kuishi kwenye asidi ile. Mwaka 1984 Marshall alichoka kubishana, akakoroga bakteria hao kwenye kikombe, akanywa. Siku chache baadaye alikuwa anatapika na tumbo lake limevimba kwa ndani. Tuzo ya Nobel ikaja 2005. Bakteria huyo na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, zile tunazonunua duka la dawa kama pipi, ndio wahusika wakuu. Bado nakutana na watu waliokatazwa maharage kwa miaka kumi bila kupimwa hata mara moja.

Uji ukivuka lango unaingia kwenye kipande cha sentimita 25 kinachoitwa duodeni. Jina lake lina maana ya kumi na mbili. Herofilo, mpasuaji wa Aleksandria miaka 300 hivi kabla ya Kristo, aliupima urefu wake kwa upana wa vidole, akapata kumi na viwili. Kwa udogo wake, hapa ndipo pana shughuli kuliko bandarini. Kongosho huleta lita moja na nusu kwa siku ya maji yenye magadi ya kuzima asidi, pamoja na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Vile vya protini husafirishwa vikiwa vimefungwa, huamshwa vikishafika utumboni; vikiamka njiani, kongosho hujila yenyewe, na mgonjwa hufikishwa hospitali akiwa amejikunja kwa maumivu.

Kutoka kwenye ini inakuja nyongo. Mambo yakiharibika Waswahili husema yametumbukia nyongo, na ni kweli kwamba kifuko kikipasuka wakati wa kumchuna kuku, mchuzi umekwisha. Lakini sahani yetu ina nazi na mafuta ya kukaangia, na mafuta hayo yasipotumbukia nyongo ndipo mambo yanapoharibika. Nyongo haina kimeng'enya. Ni sabuni. Mafuta hukataa kuchanganyika na maji humo utumboni kama yanavyokataa kwenye sufuria, na nyongo huyavunja kuwa matone madogo ili vimeng'enya viyafikie. Mtu ambaye njia yake ya nyongo imezibwa na kijiwe hupata choo cheupe chenye mafuta, kisichokubali kuzama, na macho yake huwa ya manjano. Rangi ya kahawia ya choo chetu ni mabaki ya nyongo, ambayo nayo yametokana na chembe za damu zilizozeeka.

Sasa tumefika kwenye mahameli. Utumbo mwembamba ukinyooshwa kutoka kwa maiti hufika mita sita. Kwa mtu aliye hai misuli huukaza ukawa karibu nusu ya hapo. Upana wake ni sentimita mbili na nusu. Ndani ukuta umekunjwa, juu ya mikunjo kuna vidole vya nyama visivyozidi milimita moja, na kila seli iliyo juu ya kidole ina vinyweleo vyake visivyoonekana kwa macho. Vitabu vya shule vilizoea kusema eneo lote linalingana na uwanja wa tenisi. Wataalamu wawili wa Sweden walipolipima upya, katika kazi iliyochapishwa 2014, walipata kama mita za mraba 30 tu. Kwa upande wangu hilo halikuishusha hadhi yake hata kidogo: ni sakafu ya sebule na chumba, imekunjwa ikaingia chini ya mkanda wa suruali, na inapigwa zulia jipya kila baada ya siku nne au tano, maana seli zake hufa na kubadilishwa upesi kiasi hicho.

Ndani ya kila kidole kuna mishipa midogo ya damu, na katikati kuna mfereji wa limfu. Sukari iliyotokana na wali na vijenzi vya protini vilivyotokana na samaki na maharage huingia kwenye damu, na damu hiyo haikimbilii moyoni. Hupitishwa kwanza kwenye ini, kama mzigo unaopita forodhani, likakague, litoze, lihifadhi, lizuie sumu. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa hupita njia ya limfu na kukwepa forodha. Saa tatu au nne usiku kazi hii inakaribia kwisha.

Hesabu inayonishangaza kuliko zote ni ya maji. Kwa siku tunakunywa na kula maji kama lita mbili. Juu ya hizo, mwili humwaga ndani ya njia ya chakula lita saba hivi za mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Jumla lita tisa. Utumbo mwembamba huzirudisha saba au nane, utumbo mpana huchukua karibu zote zilizobaki, na kinachotoka chooni hakifiki glasi moja. Kila siku mwili hukopesha utumbo ndoo ndogo ya maji na kulipwa. Kuhara ni siku ambayo deni halikulipwa.

Kipindupindu hulikataa deni kabisa. Sumu ya bakteria wake huzifungulia seli za utumbo mabomba ya chumvi, maji yakafuata, na mtu mzima huweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Zanzibar inaijua hadithi hii. Daktari James Christie, aliyekuwa akimtibu Sultani, aliyaona mauaji ya mlipuko wa 1869 na 1870 kwa macho yake, kisha katika kitabu cha 1876 akafuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara ya bara na vyombo vya pwani. Kuufuatilia aliweza. Kuutibu ilikuwa kazi nyingine, kwa sababu hakuna aliyejua ni mlango gani wa utumbo uliobaki wazi.

Upo uliobaki. Kwenye seli za mahameli kuna malango ya protini ambayo hayachukui abiria mmoja; hubeba mshikaki, kama bodaboda za usiku: sodiamu mbili na glukosi moja, pamoja, la sivyo hakuna safari. Wakiingia, maji huwafuata. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza uhusiano huo mjini Prague mwaka 1960. Na jambo la neema ni kwamba sumu ya kipindupindu hailigusi lango hili. Mgonjwa akipewa maji matupu, yanapita. Akipewa maji ya chumvi peke yake, yanapita. Akipewa chumvi na sukari kwa kipimo, maji yanaingia mwilini huku kuhara kukiendelea.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, kambi za wakimbizi upande wa India zilikumbwa na kipindupindu, na huko Bongaon dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya chumvi na glukosi kwenye madumu, wakawapa ndugu za wagonjwa vikombe wawanyweshe. Vifo kambini vilikuwa karibu 30 kwa kila mia. Kwa waliopata mchanganyiko ule vikashuka chini ya 4.

Pakiti ya unga wa ORS iliyopo kila zahanati leo ni mtoto wa madumu yale. Isipokuwepo, nyumbani hutumika lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa ncha ya kisu. Muuguzi mmoja alinifundisha kuonja kabla ya kumpa mtoto: yasizidi chumvi ya machozi. Akina mama wanaoongeza sukari ili mtoto apende hawajui wanachofanya. Sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni, na kuhara huongezeka. Mshikaki una idadi yake.

Maziwa ndiyo yanayoonyesha jinsi mahameli yasivyofanana kwa watu wote. Sukari ya maziwa huhitaji kimeng'enya kiitwacho laktasi, na watu wengi duniani hukipoteza wakishaachishwa ziwa. Kwa baadhi ya jamii za wafugaji kazi hiyo haikomi. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliochapishwa 2007, ulipima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukakuta mabadiliko ya vinasaba tofauti na yale ya Ulaya, yaliyozuka huku huku katika miaka elfu chache iliyopita. Mmasai anakunywa kibuyu kizima na kuendelea na safari, rafiki yake wa pwani anakunywa glasi na kutafuta choo. Mtindi huwasumbua wachache zaidi, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Kilichobaki cha sahani yetu kinaingia utumbo mpana, mita moja na nusu, usiku wa manane. Hapo mwanzoni kimening'inia kidole tumbo, ambacho utotoni tulitishwa nacho kila tulipomeza mbegu za mapera. Tumekula mapera magunia na tuko salama. Kilichobaki chenyewe ni maji, nyuzinyuzi za mchicha, na zile sukari za maharage ambazo hatuna kimeng'enya cha kuzikata. Wenyeji wa huku wanacho. Bakteria wa mwilini hukadiriwa kuwa trilioni 38, karibu wote wakiishi humu, na uzito wao wote hauzidi gramu 200 hivi. Wanapoyapata maharage hufanya sherehe, na gesi ya sherehe hiyo inajulikana na kila aliyewahi kulala bweni. Kuloweka maharage na kumwaga maji yake husaidia, sababu sukari hizo huyeyuka majini.

Bakteria hawa hufuata sahani. Mwaka 2014 watafiti walichapisha ulinganisho wa Wahadza 27 wa karibu na Ziwa Eyasi na Waitalia 16. Wahadza, wanaokula mizizi, asali, ubuyu na nyama ya porini, walikuwa na jamii za bakteria nyingi zaidi, na waliwakosa kabisa bifidobakteria, wale wanaosifiwa kwenye matangazo ya mtindi. Afya yao haikuonekana kuwangoja.

Miongo kadhaa kabla ya hapo, Denis Burkitt, aliyewahi kuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, alikuwa ameshaanza kuuliza swali ambalo wenzake waliliona la aibu: choo chako kina uzito gani? Yeye na wenzake waliwamezesha watu vipande vidogo vinavyoonekana kwenye eksirei, wakahesabu saa mpaka vitoke, wakapima na mizani. Matokeo ya 1972 yalikuwa hivi: kwa wanavijiji wa Uganda, saa 36 hivi na zaidi ya gramu 400 kwa siku, kwa mabaharia wa jeshi la Uingereza na wake zao, zaidi ya saa 80 na gramu 100 tu. Burkitt alizidisha, aliyabebesha makapi ya nafaka karibu kila ugonjwa wa Wazungu. Ila kuhusu saa na uzito mizani haikudanganya, na nikiangalia sahani za mjini leo, sembe iliyokobolewa, chipsi, soda, naona tunahamia upande wa mabaharia bila kupanda meli.

Kwa hiyo wali wa saa saba mchana unaweza kutoka kesho usiku, au keshokutwa. Unangoja juu ya puru, mbele ya misuli miwili: wa ndani hautusikilizi, wa nje ni mali yetu, na ndiyo amri ya kwanza tuliyorudishiwa tangu tulipomeza. Chakula kipya kikiingia tumboni, utumbo mpana hupata taarifa na kuanza kusukuma kilichopo ili kupisha. Niliishi nyumba ya kupanga, vyumba sita na choo kimoja. Saa kumi na mbili asubuhi kila mlango ulikuwa na jiko linachemsha chai. Baada ya robo saa foleni ilikuwa uani, kila mtu na kopo lake, hakuna anayesalimia kwa kirefu.